Usiniambie ni Oganiki, Nionyeshe Karatasi ya Maabara

Wasee, niseme moja kwa moja. Mtu anayekuuzia krimu ya kukubadilisha rangi kwa siku saba, na hana karatasi ya maabara inayoonyesha kilichomo ndani, anakufanyia majaribio mwilini na wewe ndiye unalipia. Na kontenti krieta anayechukua doo kuitangaza hiyo krimu bila kuuliza hiyo karatasi, huyo pia ako ndani ya hiyo biashara. Asituambie eti "mimi nilikuwa natangaza tu."

Nazungumzia Kitale na Bungoma kwa sababu ndiko niko na ndiko naona. Tembea kwa vibanda vya vipodozi Kitale mjini, halafu panda matatu ushuke Bungoma uangalie maduka ya urembo. Mikebe ni ileile. Mingine ina lebo ya Kifaransa ambayo hata muuzaji hajui kuisoma. Mingine haina lebo kabisa: krimu imepakuliwa kutoka kwa ndoo, ikatiwa kwenye kikopo cheupe, jina la duka likabandikwa juu. Uliza kuna nini ndani, utaambiwa, "Ni oganiki siste, haina kemikali."

Hebu tumalizane na hilo neno kwanza. Maji ni kemikali. Chumvi ni kemikali. Na zebaki, ile inayoharibu figo, ni kitu cha asili kabisa, inachimbwa ardhini. "Oganiki" kwenye kikopo kisicho na lebo haina maana yoyote. Imewekwa pale ndio uache kuuliza maswali.

Marufuku iko tangu 1998

Wengi wanadhani hii ni mambo ya maoni, ati kuna wanaopenda na wasiopenda. Hapana. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, hidrokwinoni na dawa za homoni mwaka wa 1998. Wengi wenu mnaosoma hii hamkuwa mmezaliwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina kiwango chake, EAS 377, chenye orodha ya vitu visivyoruhusiwa kwenye vipodozi. Afrika Kusini ilikataza hidrokwinoni mwanzoni mwa miaka ya 1990. Umoja wa Ulaya ukaiondoa kwenye krimu za kung'arisha mwaka wa 2001. Marekani ilichelewa, lakini mwaka wa 2020 nayo ikaitoa kwenye bidhaa zinazouzwa bila cheti cha daktari.

Kwa hivyo muuzaji akikuambia watu wana wivu na ngozi yako, mwambie hiyo wivu imezunguka dunia nzima.

Vitu vitatu ndivyo vya kujua.

Cha kwanza ni hidrokwinoni. Ngozi yako hutengeneza rangi kwa msaada wa kimeng'enya kinaitwa tirosinase, na hidrokwinoni inakizuia kufanya kazi. Daktari wa ngozi anaweza kukuandikia, kwa kipimo anachokijua na kwa muda anaoufuatilia. Lakini ukiipaka kutoka kwa kikopo kisichosema kipimo, mwezi baada ya mwezi, huku unatembea juani, unaweza kupata kitu madaktari wanaita okronosisi: mabaka ya bluu-nyeusi kwenye mashavu na paji la uso, na kuyatoa ni kazi ngumu sana. Na sisi wa Kitale tuko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya asubuhi inatudanganya, lakini miale ya jua ya huku juu ni mikali. Mtu alitaka kung'ara, sasa anatafuta krimu nzito zaidi ya kuficha giza ambalo krimu ya kwanza ilimletea.

Cha pili ni steroidi kali, hasa klobetasoli. Hii ni dawa halali kabisa. Mtu mwenye soriasisi au ukurutu mbaya huandikiwa, na maelekezo yake ya kawaida ni wiki mbili bila kuzidisha na si zaidi ya gramu 50 kwa wiki. Sasa fikiria mtu anayejipaka mwili mzima, asubuhi na jioni, kwa miaka miwili. Ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya chapati. Michirizi inatokea mapajani na mikononi. Chunusi zinajaa. Mashilingi yanafichwa, yanaenea polepole bila kuonekana vizuri. Dawa ikiingia kwa damu ya kutosha, tezi zilizo juu ya figo zinaacha kutengeneza homoni yake zenyewe. Na akiacha ghafla, uso unawaka, unakuwa mwekundu, unawasha. Anafanya nini? Anarudi kwa muuzaji kununua ileile. Wengine wanaita hiyo "krimu inakupenda." Mimi naona mteja aliyefungwa kamba.

Cha tatu ni zebaki. Na hapa sihitaji kukuletea hadithi ya mbali. Mwaka wa 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha kwenye jarida la British Medical Journal utafiti kuhusu watu wazima waliolazwa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta wakiwa na ugonjwa wa figo unaoitwa sindromu ya nefrotiki, ule wa kuvimba mwili na protini kupotea kwenye mkojo. Zaidi ya nusu ya wagonjwa hao walikuwa wanatumia krimu za kung'arisha zenye zebaki, na mkojo wao ulikuwa na zebaki nyingi kuliko wa wenzao wasiotumia. Hiyo ilikuwa zaidi ya miaka 50 iliyopita. Babu na nyanya zetu walikuwa vijana.

Kisha mwaka wa 2001, Masazumi Harada, daktari Mjapani aliyejulikana kwa kazi yake na waathiriwa wa sumu ya zebaki kule Minamata, alichapisha na wenzake onyo kuhusu sabuni za kung'arisha Kenya, baada ya kukuta zebaki nyingi kwenye nywele za wanawake waliozitumia katika eneo la Ziwa Victoria. Yaani hapa chini yetu tu. Sabuni za aina hiyo zilikuwa zinatengenezwa Ulaya, ambako kuziuza kulikuwa kumekatazwa, halafu zinaletwa huku. Ilibidi wafike 2003 ndio Umoja wa Ulaya uzuie hata kuzisafirisha nje.

Kwa hivyo tumeshaambiwa. Tumeambiwa 1972, 1998, 2001. Swali ni kwa nini mpaka leo muuzaji anaweza kusimama laivu TikTok akasema "haina kemikali" na hakuna mtu anayemwambia athibitishe.

Mashine ya kuthibitisha ipo

Hapa ndipo nataka uelewe kitu kimoja, kwa sababu ukishakielewa hutadanganywa tena na maneno matamu. Kujua kama krimu ina hidrokwinoni au klobetasoli hakuhitaji kuangalia rangi yake, wala kunusa, wala kupaka kidogo mkononi usubiri. Kuna mashine. Jina lake refu ni kromatografia ya kimiminika yenye ufanisi wa juu, lakini watu wa maabara wanaiita HPLC tu.

Venye inafanya kazi ni hivi. Mtaalamu anapima krimu kidogo kwenye mizani, anaiyeyusha kwenye kimiminika kama methanoli, anaichuja, kisha tone dogo sana linaingizwa kwenye mashine. Pampu yenye nguvu inalisukuma lipite ndani ya mrija wa chuma, urefu wa sentimita 15 au 25 hivi. Ndani ya huo mrija kumejazwa chembechembe za silika ndogo mno, kila moja imepakwa kitu kinachopenda mafuta.

Fikiria matatu mbili zinatoka Kitale kwenda Bungoma. Moja haisimami popote. Nyingine inasimama Kiminini, inasimama Kamukuywa, inasimama Misikhu, inajaza Webuye, ndio ifike. Barabara ni moja lakini muda wa kufika ni tofauti. Hidrokwinoni inapenda maji kuliko mafuta, kwa hivyo haishikwi sana na zile chembe, inatoka mapema. Klobetasoli inapenda mafuta, inasimama kila steji, inatoka baadaye. Mwisho wa mrija kuna taa ya urujuanimno, ule mwanga usioonekana kwa macho. Kila kitu kinachopita kinafyonza mwanga kwa namna yake, hidrokwinoni karibu na nanomita 290, steroidi karibu na 240, na kwenye skrini kinatokea kilima.

Sasa, maabara inajua kilima cha hidrokwinoni hutokea dakika ya ngapi kwa sababu kwanza imepitisha hidrokwinoni safi kwenye mrija uleule. Krimu yako ikionyesha kilima dakika hiyohiyo, na alama yake ya mwanga inafanana, umepatikana. Ukubwa wa kilima unasema ni kiasi gani. Hakuna "mimi naona", hakuna "wateja wangu hawajalalamika." Wazo lenyewe ni la zamani: mtaalamu wa mimea Mikhail Tswett alikuwa anatenganisha rangi za majani kwa kuzipitisha kwenye mrija uliojazwa unga wa chokaa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mashine zimekuwa za kisasa, lakini hii si teknolojia ya kubahatisha iliyotokea jana.

Na kwa sababu mimi sitaki ukadanganywe na upande wowote, jua pia mipaka yake. HPLC ya kawaida ya kutafuta hidrokwinoni na steroidi haitakuonyesha zebaki. Zebaki ni metali, inatafutwa kwa mashine nyingine inayosoma atomu zake. Kwa hivyo muuzaji wa sabuni akikupungia karatasi ya HPLC na kusema "imepita", muulize: zebaki mlipima na nini? Tena soma neno lililoandikwa. "Haikugunduliwa" maana yake ni kwamba haikufikia kiwango ambacho mashine inaweza kuona, na karatasi nzuri husema kiwango hicho ni ngapi. Halafu angalia nambari ya bechi. Karatasi ya bechi ya mwaka juzi haisemi chochote kuhusu kikopo kilichojazwa jana usiku.

Kuna mtu ataandika hapa chini, "Wewe uliacha chuo, kemia unaijulia wapi?" Niliacha chuo, sikuacha kusoma. Na kama mimi niliyeacha nimeweza kuelewa hii, anayeuza vikopo mia kwa wiki hana kisingizio.

Mbolea ilipimwa, mbona ngozi isipimwe?

Watu wa Trans Nzoia, nyinyi hii mnaijua vizuri kuliko mtu yeyote Kenya. Mwaka wa 2024 wakulima walinunua mbolea ya ruzuku ambayo haikuwa mbolea ya maana. Wanahabari wa Africa Uncensored walitoa uchunguzi wao, KEBS ikapima, ikasema hadharani kuna mbolea ambayo haikufikia kiwango. Waziri wa kilimo akajikuta anajitetea Bungeni. Serikali ikaahidi kuwafidia wakulima. Unaweza kulalamika jinsi mambo yalivyoisha, na mimi pia nalalamika, lakini angalia kilichowasha moto. Kwa miezi watu wangeweza kubishana kama mahindi yamekataa kwa sababu ya mvua ama ya udongo. Maabara ilipoongea, hayo mabishano yakaisha.

Wazazi wetu walielewa mara moja kwamba gunia lenye maandishi mazuri linaweza kuwa na mchanga ndani. Hakuna mkulima wa Kitale aliambiwa "ni chaguo lako, ulinunua mwenyewe." Sasa mbona dada yako akinunua mkebe wenye maandishi mazuri anaambiwa ni tamaa yake? Mbona mahindi yana haki ya kupimiwa na ngozi yake haina?

Jibu langu ni kwamba tumeamua aibu imwangukie mnunuzi. Mtu akiharibika uso, tunacheka. Tunaweka picha mbili pamoja, ya zamani na ya sasa, tunatafuta laiki. Muuzaji anakaa kimya, anabadilisha jina la ukurasa, anaendelea. Mnunuzi anavaa barakoa na kofia, hata hospitali anaogopa kwenda kwa sababu atasimangwa kabla ya kutibiwa. Hiyo aibu ndiyo inalinda biashara. Kila tunapomcheka mtu aliyeharibika, tunamsaidia muuzaji kupata mwingine.

Hoja zao, nazijibu

"Ni mwili wake, ni chaguo lake." Sawa, nakubali kabisa. Mimi si polisi wa rangi ya mtu. Lakini chaguo ni wakati unajua unachochagua. Mtu aliyeambiwa ni karoti na papai, kumbe ni klobetasoli, amechaguliwa. Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidi bidhaa hizo vizuri, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya fidia akiumizwa. Haki hiyo haikuandikwa kwa wenye ngozi nyeusi peke yao wala kwa wenye ngozi nyeupe peke yao.

"Mimi nimeitumia miezi mitatu na niko sawa." Ngozi laini ya wiki za kwanza ndiyo kazi ya steroidi. Inapunguza uvimbe, inafuta wekundu, inakufanya uonekane umetoka spa. Vidio yako ya "kabla na baada" imerekodiwa hasa wakati dawa inafurahisha. Na figo haziumi zikianza kuharibika. Ushuhuda wako ni wa kweli kuhusu hisia zako, lakini hausemi chochote kuhusu kilichomo kwenye mkebe.

"Iko na alama ya KEBS." Vizuri, hakikisha. Tuma ujumbe wenye SM# na nambari iliyo chini ya alama kwenda 20023, utajibiwa hiyo nambari ni ya kampuni gani na bidhaa gani. Kama jibu linasema nambari ni ya maji ya chupa na wewe umeshika losheni, umejua. Lakini hata jibu zuri linathibitisha kibali tu. Stika mtu anaweza kuichapisha mahali, akaibandika kwa kitu kingine.

"Kupima ni ghali, mtaua biashara za vijana." Hii ndiyo hoja ninayoiheshimu, kwa sababu najua wengi wanaouza hivi vitu ni wasichana wanaojilipia nyumba na kulea watoto. Lakini sikiliza. Anayepaswa kulipia kipimo kwanza ni anayeagiza kwa katoni na anayechanganya kwa ndoo, si yule wa rejareja mwenye vikopo kumi. Wa rejareja kazi yake ni kumwambia aliye juu yake, "Bila karatasi sichukui." Tena si lazima kila kikopo kiende HPLC siku ya kwanza. Kuna kromatografia ya bamba jembamba, ambayo vifaa vyake ni vya bei ya chini sana na inaweza kuchuja vyenye hidrokwinoni. Kuna vifaa vya mkononi vya eksirei vinavyoonyesha zebaki kwa dakika chache bila hata kuharibu mkebe. Unachuja kwanza, kisha vile vya kushukiwa ndivyo unavipeleka kwa mashine kubwa. Na kama biashara yako haiwezi kuishi ukijua kilicho ndani ya bidhaa yako, hiyo si biashara ya kuokolewa.

Na sisi wenye simu

Nimewahi kuandikiwa kwenye inboksi na muuzaji mmoja anitumie doo nitengeneze vidio mbili za krimu yake. Pesa ilikuwa nzuri, sidanganyi. Nikamjibu: nitumie ripoti ya maabara, yenye nambari ya bechi, ya hidrokwinoni, steroidi na zebaki. Akanijibu, "Kwani wewe ni KEBS?" Kisha akaniblok. Wiki mbili baadaye nikaona krimu ileile kwa ukurasa wa krieta mwingine, anasema imemwokoa maisha.

Hilo swali lake nimelifikiria sana. Hapana, mimi si KEBS. Ndio maana nahitaji karatasi. Sina mashine chumbani. Nina watu wanaoniamini, wengi wao ni wasichana wa kidato cha tatu na cha nne wanaojificha na simu ya mathe. Nikiwaambia kitu ni salama, nimewapa neno langu badala ya kipimo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu bidhaa, na sioni kwa nini uwongo uwe halali ukisemwa na mtu mwenye taa ya duara na muziki nyuma.

Kwa hivyo naomba wenzangu wote wa Kitale, Bungoma, Webuye, Kimilili, popote mnaporekodi: tukubaliane kitu kimoja. Hakuna tangazo la kitu cha kupaka ngozi bila ripoti ya bechi kutoka maabara iliyoidhinishwa. Tukikataa wote, muuzaji hatakuwa na mwingine wa kukimbilia. Leo anatuchezea kwa sababu anajua mmoja akikataa, kuna watano wanasubiri.

Ninachotaka kwa wakubwa

KEBS, makao yenu makuu yako Popo Road, Nairobi, na ofisi zenu za kanda zilizo karibu nasi ziko Eldoret na Kisumu. Tumezoea kuona kwenye habari mikebe inachomwa mbele ya kamera. Moshi unapaa, wakubwa wanapiga picha, tunaenda nyumbani. Mimi moshi haunisaidii. Nataka majedwali. Chapisheni kila mnachopima: jina, bechi, mji kilikonunuliwa, kilichopatikana, kiasi gani. Wekeni mahali ambapo mtu wa Chwele mwenye bando la shilingi 20 anaweza kufungua na kusoma, na muandike kwa Kiswahili. Na mnunue sampuli kwa vibanda vya kwetu, karibu na mpaka wa Suam na wa Lwakhakha, si kwa supamaketi za Nairobi peke yake.

Kaunti zangu mbili, Trans Nzoia na Bungoma: Chuo Kikuu cha Kibabii kiko hapa Bungoma, Masinde Muliro kiko Kakamega, Chuo Kikuu cha Eldoret hakiko mbali. Wote wanafundisha kemia. Wapeni wanafunzi wa mwaka wa nne mradi wa kununua vikopo sokoni na kuvichuja. Watajifunza kazi, na sisi tutajua tunajipaka nini.

Na wewe msomaji una silaha ambayo haigharimu kitu. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuandikia ofisi ya umma uombe habari iliyonayo, na inapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Uliza: katika mwaka uliopita, ni vipodozi vingapi mlichukua Kitale na Bungoma, mlipima nini, mlipata nini? Wakinyamaza, unaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Mimi naandika barua yangu wiki hii, na nitaiweka hapa muinakili.

Kabla hujafunga

Kama uko na mkebe nyumbani, uchukue sasa hivi. Hauna orodha ya vilivyomo? Weka kando. Unasema usiguse dhahabu, fedha au alumini? Hiyo ni dalili kubwa ya zebaki. Unaona majina kama "calomel", "mercuric iodide" au "ammoniated mercury"? Hiyo ni zebaki imevaa suti. Krimu ilikuwa nyeupe, sasa imegeuka kahawia? Hidrokwinoni hufanya hivyo ikikutana na hewa. Lakini kukosa dalili hizi hakumaanishi uko salama, kwa sababu klobetasoli haina harufu wala rangi ya kukuonya.

Na kama umejipaka kwa miezi mingi, tafadhali usiache ghafla kwa hasira ukasubiri uone. Nenda kliniki, beba mkebe wenyewe, waambie ukweli. Kama ni steroidi, daktari anaweza kukuondoa polepole. Kama unashuku zebaki, omba upimwe mkojo na figo, na usimshike mtoto mchanga ukiwa umejipaka, kwa sababu inahamia kwake kupitia ngozi, taulo na shuka. Hakuna mtu ana haki ya kukucheka. Akikucheka, mtumie hii.

Wiki hii fanya kitu kimoja. Muandikie muuzaji wako: "Naomba ripoti ya maabara ya bechi niliyonunua." Hayo tu, kwa upole. Kisha uniambie kwenye komenti alikujibu nini. Usitaje jina lake, taja jibu. Nitayakusanya yote, tuone ni wangapi wametoa karatasi na ni wangapi wametublok.